Kifua Kwanza: Ushauri kwa Nyumba Inayomuuguza Aliyeumia Shingo

Mtu aliyeumia shingo akirudishwa nyumbani Chanika, Dar es Salaam, wageni wanaokuja kumpa pole huuliza jambo moja: atatembea lini? Wana haki ya kuuliza, na familia nayo hulala na kuamka na swali hilohilo. Miguu inakandwa, inapakwa mafuta, vidole vinanyooshwa kimoja kimoja. Kifua hakina anayekiuliza, kwa sababu mgonjwa anaongea, anakula na anacheka na wageni. Halafu yanaingia mafua ya kawaida. Watoto wa nyumba hiyo wanayamaliza kwa siku mbili, lakini yeye yanamrudisha wodini akiwa hoi.

Ndiyo maana makala haya yanahusu kifua. Kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, kupumua na kukohoa ni kazi ya kila siku inayohitaji mikono ya watu wa nyumbani na saa zake maalumu. Sehemu kubwa ya nguvu ya pumzi inayoweza kurudi hurudi katika miezi ambayo mgonjwa ameshatoka hospitalini. Nyumba ikijua kazi hiyo, mtu anaishi miaka mingi. Isipoijua, anaondoka kwa homa ya mapafu ambayo ingezuilika.

Watafiti waliopitia kumbukumbu za Hospitali ya KCMC, Moshi, za mwaka 2010 hadi 2014, walipata majalada kamili ya watu 213 walioumia uti wa mgongo kwa ajali. Karibu nusu walikuwa wameanguka, na theluthi hivi walipata ajali za barabarani. Walioumia shingoni walikuwa wengi kuliko walioumia sehemu nyingine yoyote ya mgongo. Matatizo yaliyoandikwa zaidi yalikuwa vidonda vya kulalia, na yaliyofuata yalikuwa ya upumuaji, watu 32. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki hospitalini. Hapa Dar es Salaam, penye bodaboda kila kona na vijana wanaopanda minazi, miembe na mapaa ya nyumba zinazojengwa, hakuna sababu ya kudhani hali ni tofauti sana.

Kimeharibika nini?

Mapafu hayana misuli ya kujivuta. Yanavutwa na misuli mingine, na misuli hiyo hupokea amri kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Ajali ikikata njia ya amri, mapafu hubaki mazima lakini hayana wa kuyavuta, kama pampu ya baiskeli ambayo haina ubovu wowote ila mkono wa kuisukuma umelegea.

Misuli inayohusika iko makundi matatu. La kwanza ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Mishipa ya fahamu inayokiendesha hutoka shingoni, ngazi ya tatu, ya nne na ya tano. La pili ni misuli iliyo kati ya mbavu, inayopata amri kutoka mgongo wa juu na wa kati. La tatu ni misuli ya tumbo, ambayo amri zake hutoka kuanzia katikati ya mgongo kwenda chini. Weka mkono tumboni sasa hivi, ukohoe. Utasikia tumbo linavyokaza kwa nguvu. Hiyo ndiyo misuli inayotoa makohozi, na aliyeumia shingo hana tena amri juu yake.

Angalia fomu ya kuruhusiwa hospitalini. Utaona herufi C na namba, au T na namba. C ni shingo. T ni mgongo wa juu na wa kati. Aliyeumia kabisa juu ya C3 kwa kawaida huhitaji mashine ya kupumulia. Wa kati ya C3 na C5 huenda akaanza na mashine, na wengi huachishwa polepole. Wa chini ya hapo shingoni hupumua mwenyewe, lakini kwa kiwambo peke yake, na kikohozi chake ni hafifu. Aliyeumia mgongo wa juu naye hukohoa kwa shida. Kadiri jeraha linavyoshuka kuelekea kiunoni, ndivyo kifua kinavyokaribia hali yake ya kawaida.

Wiki za mwanzo utaona jambo la kutisha: akivuta hewa, tumbo linapanda huku kifua kikibonyea ndani. Ni kwa sababu misuli ya mbavu imelegea kabisa na kiwambo kinavuta peke yake. Wiki zinavyopita misuli hiyo hukakamaa, ukuta wa kifua unakuwa mgumu kidogo, na kiwambo kinapata pa kushikia. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Canada mwaka 1981 vilionyesha kwamba watu walioumia C5 na C6 walikuwa na takriban theluthi moja tu ya uwezo wa kawaida wa mapafu katika wiki ya kwanza, na baada ya miezi mitatu uwezo huo ulikuwa umekaribia mara mbili. Kwa hiyo pumzi ya siku ya kuruhusiwa mara nyingi bado ina nafasi ya kukua, mradi homa ya mapafu isiingie katikati.

Msiondoke wodini mikono mitupu

Wagonjwa wengi wa Dar es Salaam hupitia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Popote mgonjwa wenu alipolazwa, kuna mambo ya kudai kwa adabu kabla ya kusaini karatasi za kuondoka.

Kwanza, mtaalamu wa fiziotherapia awafundishe namna ya kumsaidia mgonjwa kukohoa. Kuangalia hakutoshi, mfanye ninyi, yeye akiwatazama na kuwasahihisha. Wajifunze watu wawili au watatu, kwa sababu mlezi naye huugua, husafiri na hufiwa.

Pili, ulizeni hali ya kifua chake akiwa mzima: kiwango cha oksijeni kidoleni, mapigo ya moyo, na uwezo wa mapafu kama umepimwa. Ziandikeni namba hizo kwenye daftari. Siku akiugua, daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona atajua anachokilinganisha.

Tatu, ulizeni kama kuna mbavu zilizovunjika, kama mifupa ya shingo imekwisha kushika, na kola ivaliwe hadi lini. Majibu hayo ndiyo yanayoamua ni mazoezi gani yanaruhusiwa.

Nne, kama anatoka na tundu la kooni, msikubali kuondoka bila kufundishwa kulisafisha, kunyonya makohozi kupitia hapo, na la kufanya bomba likiziba. Kwa aliyeumia shingo juu, kunyonya kwa muda mrefu kunaweza kushusha ghafla mapigo ya moyo, hivyo muulizeni muuguzi ni sekunde ngapi na mapumziko kiasi gani.

Mkikwama kwenye gharama, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijawa kubwa.

Kukohoa kwa mikono ya mwingine

Haya ni maarifa muhimu kuliko yote katika makala haya, na hayahitaji kifaa chochote.

Mlaze chali, au mketishe kwenye kiti mwendo kilichofungwa breki na kuegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Weka kiganja kimoja juu ya kingine, katikati ya kitovu na ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Usiguse mbavu, wala ile ncha yenyewe. Mwambie avute pumzi mbili tatu za kawaida, kisha moja ndefu kuliko zote, na aishikilie kidogo. Hesabuni pamoja: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu yeye anakohoa, na wewe papo hapo unasukuma kwa haraka kuelekea ndani na juu, upande wa kichwa. Pumzikeni. Rudieni mara tatu au nne, hadi sauti ya kukwaruza kifuani iishe. Aliyechoka asilazimishwe, mrudie baada ya dakika chache.

Siri iko kwenye kwenda pamoja. Ukisukuma kabla hajakohoa unamkaba; ukichelewa, hewa imeshatoka. Siku za mwanzo mtakosana, na baada ya wiki moja mikono itajua yenyewe.

Usifanye hivyo mara baada ya kula; subiri angalau saa moja, asije akatapika na kuvuta matapishi mapafuni. Usifanye kama ana mbavu zilizovunjika, jeraha au upasuaji mbichi wa tumbo, mimba, au shingo ambayo daktari bado hajaikubali kuwa imara, mpaka uelekezwe njia nyingine.

Panga saa: asubuhi anapoamka, kwa sababu makohozi hutuama usiku, na jioni kabla ya kulala. Siku za mafua ongeza, hata kila saa mbili tatu, na usiku pia. Nyumba nyingi hufanya kinyume. Mtu akiugua humwacha apumzike, na makohozi hupata nafasi ya kujaa.

Kulala, kuketi, na mkanda wa tumbo

Mtu anayehema, sisi humkalisha na kumwekea mito mgongoni. Kwa aliyeumia shingo mara nyingi ni kinyume chake: hupumua vizuri zaidi akiwa amelala chali kuliko akiwa ameketi. Akilala, tumbo husukuma kiwambo juu hadi mahali ambapo kinaweza kuvuta kwa nguvu. Akiketi, tumbo lililolegea huning'inia mbele, kiwambo hushuka nalo, na nafasi ya kuvuta inakuwa fupi. Kwa hiyo akianza kuhema kitini, mlaze kwanza, kisha msaidie kukohoa.

Dawa ya kuketi ni mkanda wa tumbo, unaofanana na mkaja wa mama aliyejifungua. Fundi cherehani yeyote wa sokoni Chanika anaweza kuushona kwa kitambaa kisichovutika sana, na sehemu ya kubandika iliyo pana. Uanzie chini ya mbavu na uishie kwenye mifupa ya nyonga. Ufungwe akiwa amelala, ufunguliwe anaporudi kitandani, na usipande juu ya mbavu, maana hapo utazuia pumzi uliyotaka kuisaidia. Humsaidia pia anayepata kizunguzungu anapokalishwa. Kila ukiuvua, kagua ngozi, kwa kuwa hasikii ikichubuka.

Kumgeuza kila baada ya saa mbili mmeshaambiwa kwa ajili ya vidonda. Kifua nacho kinakuhitaji ufanye hivyo, kwa sababu makohozi hutuama upande wa chini. Mgeuze, subiri kidogo, kisha msaidie kukohoa.

Wakati wa kula mketishe wima, chakula kiwe laini siku za mwanzo, na matonge yawe madogo. Aliyepasuliwa shingo kwa mbele anaweza kupaliwa bila kukohoa, kwa hiyo sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, mwambie daktari. Choo nacho ni habari ya kifua: tumbo lililojaa siku nne husukuma kiwambo na kumkosesha nafasi.

Kuna hali moja ambayo lazima aketishwe mara moja. Aliyeumia T6 au juu ya hapo anaweza kupandwa ghafla na presha: kichwa kinagonga, uso unaiva na kutoka jasho, moyo unakwenda polepole. Mketishe wima, legeza mkanda na nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba, kisha choo, kisha ngozi. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa. Hali isipotulia upesi, ni dharura ya hospitali.

Mazoezi ya kurudisha pumzi

Kiwambo ni msuli, na msuli unaofanyishwa kazi hukua. Hospitali hutoa, na maduka ya dawa huuza, kile kifaa cha plastiki chenye vimpira vitatu vinavyopanda mtu anapovuta hewa. Kinafaa, mradi avute polepole na kushikilia. Vipo pia vifaa vidogo vinavyoweka upinzani wakati wa kuvuta, ambavyo hujenga nguvu zaidi. Mtaalamu aweke kipimo cha kuanzia.

Zoezi lisilo na gharama ni kupanga pumzi juu ya pumzi. Avute hewa, asiitoe. Avute nyingine juu yake, na nyingine tena, mara tatu hadi tano, mpaka kifua kijae. Aishikilie kidogo, kisha aitoe, au mmsaidie kukohoa hapohapo. Hewa nyingi ndani ndiyo inayozaa kikohozi chenye nguvu, na mbavu zinazotanuliwa kila siku hazigandi. Asiyeweza kwa nguvu zake anaweza kusaidiwa kwa mfuko wa kupulizia hewa, ule wauguzi wanaouita ambubegi, lakini kwa aliyefundishwa tu.

Ipo na mbinu ya kumeza hewa kwa ulimi na koo, funda baada ya funda, kama afanyavyo chura. Daktari Clarence Dail wa California aliieleza mwaka 1951, baada ya kuiona kwa wagonjwa waliopoozwa na polio. Wapo wanaotegemea mashine ambao kwa mbinu hiyo hukaa nje ya mashine kwa muda. Hujifunzwa kwa subira, na mwalimu mzuri ni mtu mwingine mwenye jeraha kama lake anayeijua. Moshi kuna KASI, chama cha watu walioumia uti wa mgongo Kilimanjaro, na kwa vyama vya namna hiyo mgonjwa mgeni hujifunza mambo ambayo sisi wazima hatuwezi kumwonyesha.

Sauti nayo ni zoezi. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwaimbisha pamoja watu waliopooza mikono na miguu kwa wiki 12. Sauti zilipata nguvu, ingawa faida kwa mapafu yenyewe ilikuwa ndogo. Hivyo mwenye kwaya na aimbe kwaya, mwenye kaswida na asome kaswida, asiye na vyote awasomee watoto gazeti kwa sauti.

Mpime kila Jumapili, saa ileile, akiwa amelala chali: avute pumzi ndefu na kuhesabu kwa sauti hadi pumzi imwishie. Andika namba kwenye kalenda ya ukutani. Ikipanda kutoka 12 hadi 20 kwa miezi miwili, mtaona kwa macho kile ambacho hakikuonekana. Ikishuka ghafla, kabla hata ya homa, kuna jambo linaanza kifuani.

Moshi, vumbi, joto na maji

Chanika ina hewa nzuri kuliko mjini, lakini ina moshi wake. Jiko la mkaa au kuni lihame mbali na dirisha la mgonjwa. Taka zisichomwe uani. Dawa ya mbu ya kuwasha na udi visiingie chumbani mwake, tumieni chandarua. Sigara, yake au ya mgeni, ibaki nje ya geti. Barabara ya vumbi ikiwa mbele ya nyumba, mwagieni maji mapema na mhamishie kitanda chumba cha nyuma.

Makohozi hulainika kwa maji. Wengine hupunguza kunywa ili kupunguza kazi ya mpira wa mkojo, na matokeo yake ni makohozi mazito yanayoganda. Kama daktari hajaweka kikomo, anywe mara kwa mara kutwa nzima.

Kujifukiza, kulikoenea sana mwaka 2020, kunahitaji hadhari kubwa kwa mtu huyu. Hasikii joto chini ya jeraha, kwa hiyo sufuria ya maji ya moto ikimmwagikia au mvuke ukimbabua hatajua mpaka ngozi itoke malengelenge. Aliyeumia juu pia hatoi jasho ipasavyo, na joto la mwili hupanda upesi chini ya blanketi. Kwa sababu hiyohiyo, kati ya Desemba na Machi mpepeeni, mfuteni kwa kitambaa chenye maji, na paa la bati lisilo na dari lipate kizuizi chochote cha joto.

Wageni wenye mafua wasalimie kupitia dirishani, atakayekasirika atazoea. Muulizeni daktari kuhusu chanjo za mafua, UVIKO na nimonia. Kikohozi cha wiki mbili, chake au cha mtu yeyote wa nyumba hiyo, kipimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake hutolewa bure nchini.

Dawa za usingizi na pombe hupunguza pumzi. Akikoroma kwa kukatizakatiza na kuamka kichwa kikimuuma, huenda pumzi inakatika usingizini, jambo la kawaida kwa walioumia shingo. Mwelezeni daktari kabla ya kununua kidonge chochote.

Umeme ukikatika, na siku ya safari

Kama nyumba inatumia mashine ya kunyonya makohozi au ya oksijeni, swali la kwanza ni umeme ukikatika saa nane usiku. Muwe na mashine ya kunyonya inayoendeshwa kwa mkono au mguu, au betri yenye chaji, na ambubegi ikining'inia ukutani mahali ambapo kila mtu anaijua. Fanyeni jaribio mchana, umeme mkiuzima wenyewe.

Nendeni hospitali bila kusubiri asubuhi mkiona mojawapo ya haya: anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, anaongea maneno mawili matatu na kukata, midomo au kucha zinageuka rangi, kile kifaa cha kubana kidoleni kinaonyesha chini ya 92 na kusaidiwa kukohoa hakukupandisha, makohozi yamegeuka rangi, yana damu au harufu, pamoja na homa, amekuwa msinziaji au anababaika. Usingizi wa namna hiyo ni hatari kuliko kuhema. Una maana hewa chafu imejaa mwilini kwa sababu misuli imechoka. Hapo oksijeni peke yake inaweza kupandisha namba ya kidoleni huku hali ikizidi kuharibika, kwa maana mgonjwa anahitaji kusaidiwa kuvuta hewa. Wakumbusheni wahudumu maneno haya: "Ameumia shingo, misuli ya kupumua ni dhaifu, hawezi kukohoa."

Kutoka Chanika kupita Pugu na Gongo la Mboto hadi hospitali ya Amana au Muhimbili ni safari ndefu, na foleni ikishika ni ndefu zaidi. Jueni mapema kituo gani cha karibu kina oksijeni usiku. Muwe na namba za madereva wawili wenye gari ambalo mtu anaweza kulala, kwani bajaji humkunja na kumbana tumbo. Mmoja wenu akae pembeni yake njia nzima akimsaidia kukohoa.

Kabla ya kuuza kiwanja

Utasikia habari za tiba mpya, na baadhi ni za kweli. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyecheza Superman, alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995 na kuumia juu kabisa ya shingo. Mwaka 2003 alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa vichocheo vya umeme kwenye kiwambo, akaweza kukaa nje ya mashine kwa saa kadhaa. Kifaa hicho kiliidhinishwa Marekani mwaka 2008. Kinawafaa watu wachache: wenye jeraha la juu sana, ambao mishipa inayokwenda kwenye kiwambo ingali hai. Reeve alifariki mwaka 2004, baada ya kidonda cha kulalia kuingia vijidudu. Kifaa cha kisasa hakikuondoa haja ya uangalizi wa kila siku.

Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Marekani walitangaza kwamba walirudisha pumzi ya upande uliopooza kwa panya ambao jeraha lao lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, kwa kutumia kimeng'enya kinacholainisha kovu linalozuia mishipa kuota. Ni habari njema, kwa sababu inaonyesha kwamba njia za amri zilizokaa kimya muda mrefu zinaweza kuamshwa. Lakini hao walikuwa panya. Atakayewaambia anayo sindano hiyo kwa binadamu, au seli za kuotesha uti kwa bei ya kiwanja chenu cha Chanika, anauza matumaini. Muulizeni majina ya madaktari na hospitali, kisha mpelekeeni karatasi zake daktari wa mgonjwa wenu azisome kabla hamjatoa senti.

Fedha hiyo ina kazi za karibu zaidi: godoro zuri, kipimo cha kidoleni, mashine ya kunyonya ya mkono, nauli ya kliniki, na posho ya ndugu wa pili atakayemsaidia mlezi. Mlezi anayeamka kila saa mbili peke yake kwa miezi sita ataanguka, na akianguka wanaugua wawili. Gaweni usiku kwa zamu, na wanaume wa nyumba wawemo.

Jambo la mwisho ni la mgonjwa mwenyewe. Afundishwe kila hatua kwa maneno: mikono iwekwe wapi, isukume lini, mkanda uishie wapi, dalili gani zisisubiri. Mikono yake haifanyi kazi lakini kinywa kinafanya, na ndicho kitakachomwongoza shemeji aliyekuja kushika zamu, muuguzi mgeni, au jirani wa usiku. Leo jioni, kabla ya zamu ya kwanza, mwambie akufundishe yeye namna anavyotaka akohozwe, na umfuate anavyosema.